Mbakaji akimaliza kifungo, nani ajuaye alikokwenda?

Kila siku iendayo kwa Mungu, malori hupanga mstari katika barabara kuu iingiayo Tunduma, yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, na kutoka huko kwenda Lusaka, Ndola na Lubumbashi. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo hapo. Mabasi hushusha abiria mchana na usiku. Wafanyabiashara, madereva na utingo wao, wapagazi, wabadilishaji wa fedha, mama lishe na vijana watafutao kibarua huingia mjini bila ya kuulizwa watokako, na wengi wao huondoka vivyo hivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mji huo watu wasiofika laki moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya laki mbili. Mji uliokua maradufu katika muda wa miaka kumi si mji ambao kila jirani anamjua jirani yake.

Shughuli hizo ndizo riziki ya Tunduma, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka zikome. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2019 na Marais wa Tanzania na Zambia, kilijengwa ili watu na mizigo wapite upesi zaidi. Lakini wako ambao hawapiti, wanaishi hapo. Mtoto wa Tunduma huenda shule kwa miguu kandokando ya malori. Hulala katika nyumba ambayo wapangaji wake hubadilika kila baada ya miezi michache. Hutumwa dukani jioni, na pengine duka lenyewe liko ng'ambo ya mpaka. Kwa ajili ya mtoto huyo liko swali moja ambalo halijapata jibu la kuridhisha. Mtu aliyehukumiwa kwa kumbaka au kumlawiti mtoto, akatumikia kifungo chake, akatoka, kisha akashuka basi Tunduma na kupanga chumba Majengo, Sogea au Maporomoko, ni nani katika mji huo ajuaye kwamba amefika?

Kwa jinsi mambo yalivyo, ni rahisi mno jibu likawa kwamba hakuna. Na pale ambapo yuko ajuaye, amejua kwa bahati tu: ameonana na mtu wa kijiji kimoja naye, au amesikia maneno kilabuni. Ulinzi wa mtoto haufai kutegemea maneno ya kilabuni.

SHERIA KALI ISIYOTAZAMA MWISHO

Nchi hii haina upungufu wa sheria kali. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliungana na wanasheria wanawake na wapenda haki wengine wakaandika, wakahutubia na kushawishi kwa miaka mingi, hadi Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Sheria hiyo iliirekebisha Kanuni ya Adhabu, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa yule ambakaye mtoto wa chini ya umri wa miaka 10. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, na mtu ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari akawekewa kifungo cha miaka 30. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ikatekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ujulikanao kwa jina la MTAKUWWA, ambao kamati zake zilikusudiwa kufika hadi vijijini na mitaani. Madawati ya jinsia na watoto nayo yamefunguliwa katika vituo vya Polisi.

Yote hayo ni kazi njema, na waliohusika wanastahili shukrani za umma. Hata hivyo, ukiyatazama kwa makini utaona kwamba karibu yote yanashughulikia safari ya kuingia gerezani: kumkamata mkosaji, kumshitaki, kumtia hatiani na kumfunga. Safari ya kutoka haikuandikiwa mengi. Sheria ya mwaka 1998 inataja kifungo, viboko na fidia kwa aliyetendewa. Haikuanzisha daftari la wakosaji, wala haikumtaka aliyemaliza adhabu aiarifu mamlaka yoyote mahali anapokwenda kuishi.

Yawezekana kwamba mwaka 1998 hakuna aliyeona haja. Miaka 30 ilionekana kuwa mingi mno, kana kwamba mtu aliyepewa kifungo hicho amekwisha kuondoka duniani. Lakini miaka hupita, na hesabu yake si ngumu. Aliyehukumiwa miaka 30 mwishoni mwa mwaka 1998 atamaliza kifungo chake mwishoni mwa mwaka 2028, hata bila ya kuhesabu punguzo ambalo sheria za magereza humpa mfungwa mwenye mwenendo mwema, na bila ya kuhesabu msamaha wowote. Aliyehukumiwa mwaka 1999 atamfuata mwaka 2029, na wa mwaka 2000 atamfuata mwaka 2030. Kutoka hapo hautapita mwaka bila ya watu wa namna hiyo kutoka, na wale waliofungwa kwa marekebisho ya mwaka 2016 watakuwa bado wako nyuma katika mstari huo.

Wapo pia waliotiwa hatiani kwa makosa ambayo sheria imeyapa adhabu ndogo kuliko ubakaji, na hao hutoka baada ya miaka michache. Kwa hiyo jambo lenyewe si la kesho peke yake. Ni la leo, na kesho litakuwa kubwa zaidi. Nchi iliahirisha swali kwa muda wa kizazi kimoja, na muda huo unakwisha.

KILA OFISI NA KIPANDE CHAKE

Na ichukuliwe mfano, ambao haumhusu mtu yeyote aliye hai, ili jambo hili lieleweke. Mtu amehukumiwa katika wilaya moja. Amefungwa katika gereza la mkoa mwingine. Ametoka, na kwa aibu au kwa hofu hakurudi kijijini kwake, bali amekwenda kutafuta maisha katika mkoa wa tatu, tuseme Songwe. Jalada la kesi yake limo katika masjala ya mahakama ya wilaya ile ya kwanza. Kumbukumbu za kifungo chake zimo gerezani. Alama za vidole vyake zimo Polisi. Namba yake ya kitambulisho, kama anacho, imo katika Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Kila ofisi ina kipande chake cha habari, na kila kipande ni cha kweli. Lakini mwalimu mkuu anayemwajiri mtu huyo kuwa mlinzi wa usiku katika bweni la wasichana hana hata kipande kimoja.

Yafaa ieleweke kwamba katika mfano huo hakuna ofisi iliyozembea. Kila moja imefanya kile ilichoagizwa na sheria yake. Kasoro ni kwamba hakuna aliyeagizwa kuviunganisha vipande hivyo. Na jambo la kushangaza ni kwamba Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Idara ya Huduma za Uangalizi, Uhamiaji na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa zote ziko chini ya Wizara moja, ile ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ofisi hizo hazikutenganishwa na bahari wala na mpaka wa Zambia. Zimetenganishwa na kuta za makabati.

Hatari ya habari kubaki katika kabati moja si ya kubuni. Mwezi Agosti mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham nchini Uingereza, wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, mtunzaji wa majengo ya shule ya sekondari ya hapo. Huntley hakuwa amepata kutiwa hatiani kwa kosa la kujamiiana. Lakini Polisi wa eneo la Humberside, alikoishi kabla, walikuwa wamepokea malalamiko kadhaa juu yake kuhusu wanawake na wasichana wadogo. Habari hizo hazikumfuata alipohamia eneo jingine na kuomba kazi ya shule kwa jina jingine la ukoo. Tume iliyoongozwa na Michael Bichard, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilionyesha wazi udhaifu wa kutunza kumbukumbu na kupashana habari baina ya majeshi mawili ya Polisi. Ikiwa jambo hilo lilitokea katika nchi yenye kompyuta katika kila kituo, nchi ambayo bado inajenga mitambo yake haina budi kujifunza kabla ya kulipia gharama kama hiyo.

DAFTARI BILA YA WATU NI KARATASI

Wako wasemao kwamba dawa ni rahisi: liandikwe daftari, mambo yaishe. Nchi jirani na nchi nyingine za Afrika zimekwisha kuchukua hatua hiyo. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, ilimpa Msajili wa Mahakama Kuu wajibu wa kutunza daftari la waliotiwa hatiani, na ikaruhusu mahakama kuamuru mkosaji wa hatari awekwe chini ya uangalizi baada ya kutoka gerezani. Afrika Kusini ilipitisha sheria yake mwaka 2007, na daftari lake likaanza mwaka 2009, kwa shabaha ya kuwazuia walioandikwa humo wasifanye kazi na watoto wala na watu wenye ulemavu wa akili. Nigeria ilizindua daftari lake la Taifa mwaka 2019.

Hatua hizo ni za kuigwa, lakini ziigwe kwa macho mawili. Jimbo la California nchini Marekani lilianza kuandikisha wakosaji wa namna hiyo tangu mwaka 1947, kabla ya jimbo jingine lolote. Mwaka 2003 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walizikagua kumbukumbu za jimbo hilo na kuzihesabu. Waligundua kwamba mamlaka hazikujua walipo watu zaidi ya 33,000 waliopata kuandikishwa, yaani zaidi ya asilimia 40. Kila mmoja alitakiwa na sheria kuthibitisha anwani yake kila mwaka. Sheria ilikuwapo, adhabu ya kutoripoti ilikuwapo, na daftari lilikuwapo. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wa kulifungua, kumwona ambaye hakuja, na kwenda kumgongea mlango.

Fundisho la California ni kwamba daftari ni mwanzo wa kazi. Fundisho la pili ni kwamba kasoro hiyo haikufichuliwa na ofisi iliyolitunza daftari. Ilifichuliwa na waandishi wa habari walioshika kalamu na kuuliza idadi.

KALAMU IRUDI ILIKOANZA

Hapo ndipo vyombo vya habari vya nchi hii, pamoja na vile vya Chama, vinapopaswa kujitazama. Habari za ubakaji huandikwa kwa wingi. Siku ya hukumu mwandishi huwa mahakamani, na siku ya pili magazeti husema kwamba fulani amehukumiwa miaka 30. Msomaji huridhika, ukurasa hufungwa, na mwandishi huenda kwenye kesi nyingine. Ni nadra mno kuona habari inayouliza yaliyofuata. Je, rufani iliamuliwaje? Je, fidia iliyoamriwa ililipwa? Je, aliyetoka ametoka lini, na aliarifiwa nani? Na yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima, aliambiwa kwamba aliyemwumiza yuko huru, au alikutana naye sokoni ghafla?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari zilizomo katika ofisi za umma. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka huo huo wa 2016, kwa hiyo kumbukumbu zake si za zamani kiasi cha kushindwa kukusanywa. Mwandishi aliyeko Vwawa au Tunduma anaweza kuuliza mambo manne tu. Ni watu wangapi waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana katika mahakama za mkoa huo tangu ulipoanzishwa? Ni wangapi kati yao waliokwisha kumaliza vifungo? Ni kwa wangapi taarifa ya kuachiwa ilipelekwa kwa Polisi au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya waliyokwenda? Ni shule na mabweni mangapi yaliyowahi kuomba cheti cha Polisi kabla ya kumwajiri mlinzi, mpishi au dereva? Maswali hayo hayahitaji kutaja jina la mtu hata mmoja. Yanahitaji idadi tu, na ofisi isiyoweza kutoa idadi itakuwa imekwisha kujibu.

Yale yaliyoanzishwa na kalamu za akina mama wa TAMWA yalifika nusu ya safari mwaka 1998. Nusu iliyobaki inawangoja waandishi wa leo.

MAJINA YASIBANDIKWE UKUTANI

Wako pia wananchi, na si wachache, wanaotaka majina na picha za waliotoka vifungoni zibandikwe katika ofisi za mitaa ili kila mtu azione. Hasira yao inaeleweka. Mzazi ambaye mtoto wake ameharibiwa hawezi kuambiwa awe mpole. Lakini uamuzi wa namna hiyo ungeleta madhara ambayo hayakukusudiwa.

Kwanza, mauaji. Magazeti yana desturi ya kuandika juu ya "wananchi wenye hasira kali", na kila yanapoandika hivyo huwa yameandika habari za mtu aliyepigwa hadi kufa bila ya kusikilizwa. Katika mji wenye watu wengi wasiojuana, picha iliyobandikwa ukutani itamwangukia anayefanana na mwenye picha, au mwenye jina kama lake. Pili, aibu kwa aliyetendewa. Mkosaji katika kesi hizi mara nyingi ni baba wa kambo, mjomba au jirani. Ukilitangaza jina lake umemtangaza na mtoto, ambaye sheria imetaka jina lake lifichwe. Tatu, mtu anayewindwa hujificha. Atabadili jina, atavuka kwa njia za panya kwenda ng'ambo, na mamlaka zitakuwa zimempoteza yule yule ziliyetaka kumwona.

Daftari linalofaa, basi, ni la siri, linalofunguliwa na maofisa waliotajwa na sheria kwa sababu zilizotajwa na sheria, na anayelitumia vibaya aadhibiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuonyesha kwamba habari za mtu hazichezewi. Vilevile daftari hilo liwe la waliotiwa hatiani tu. Aliyeshitakiwa akaachiwa huru, na yule ambaye hukumu yake ilitenguliwa na mahakama ya rufani, hana hatia na hana mahali humo. Na aliyetenda kosa angali kijana mdogo atazamwe kwa namna yake, na sheria imwekee muda wa kufutwa. Aliyetumikia adhabu yake bado ni raia. Ana haki ya kulima, kujenga na kufanya biashara. Haki asiyoweza kuidai ni ya kukabidhiwa watoto wa watu bila ya mtu kujua.

HATUA ZINAZOWEZEKANA

Mambo yanayotakiwa hayazidi uwezo wa nchi. La kwanza ni sheria ya kuanzisha daftari hilo, lenye mtunzaji mmoja mwenye kuwajibika, likitumia alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa badala ya kutegemea jina, kwa kuwa jina hubadilishwa lakini kidole hakibadilishwi. La pili ni mlango wa gereza. Mfungwa wa kosa hilo anapokaribia kutoka, Mkuu wa Gereza apeleke taarifa kwa Mkuu wa Polisi na Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya anayokwenda, naye mfungwa aripoti huko katika siku zilizowekwa, na ahamapo aripoti tena. La tatu ni ajira. Cheti cha Polisi cha kuthibitisha kwamba mtu hana makosa ya jinai kipo tangu zamani, na wasafiri wengi wanaokwenda nje wanakijua. Kama nchi za kigeni hukitaka kabla ya kumpokea Mtanzania, iweje shule, bweni, kituo cha yatima, madrasa, darasa la Jumapili na gari la wanafunzi visikitake kabla ya kumkabidhi mtu watoto?

La nne ni mpaka. Zambia imeonyesha ukali wake, kwani mwaka 2005 iliweka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa anayemnajisi mtoto. Mkosaji anayekimbia upande mmoja, basi, asipate nafuu upande wa pili. Majeshi ya Polisi ya nchi za kusini mwa Afrika yana chombo chao cha ushirikiano, SARPCCO, kilichoanzishwa mwaka 1995, na Tanzania na Zambia zote zimo. Yanayofanywa kwa magari ya wizi yafanywe pia kwa usalama wa watoto wa Tunduma na Nakonde, na kwa wale wa Isongole na Chitipa upande wa Malawi. La tano ni watu na fedha. Wilaya isiyo na Afisa Ustawi wa Jamii wa kutosha, wala gari la kumfikisha Mpemba au Chapwa, itakuwa California ndogo hata kama sheria yake itaandikwa kwa wino wa dhahabu.

BALOZI NA MAJIRANI

Nchi hii iliwahi kuwa na ujuzi wake wa kumjua mgeni. Mfumo wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, ulimfanya balozi ajue ni nani amelala katika kila nyumba ya shina lake. Mgeni alipelekwa kwa balozi kabla ya kuonyeshwa mahali pa kulala. Nchi iliporudi katika vyama vingi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa Chama, na haifai akabidhiwe siri za Serikali juu ya raia ambao wengine si wanachama wake. Siri hiyo ni ya maofisa. Lakini daftari la wakazi katika ofisi ya mtaa ni mali ya wote, na halihitaji siri. Afisa Mtendaji wa Mtaa anayelijaza kila mwezi, na mwenye nyumba anayempeleka mpangaji wake kuandikwa kabla ya kupokea kodi, wanafanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi za majukwaani. Katika mashina mengi desturi hiyo imelegea. Viongozi wa Chama wa Songwe wanaweza kuifufua bila ya kungoja Bunge.

Lazima jambo moja zaidi lisemwe kwa haki. Daftari lolote litawaandika wale tu waliofikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Utafiti wa Taifa uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kujamiiana kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Na wengi wao hawakumweleza mtu yeyote. Kila kesi inayomalizwa nyumbani kwa ng'ombe, kwa fedha au kwa ndoa ya haraka ni jina ambalo halitaandikwa popote. Mzee wa ukoo anayepokea ng'ombe huyo amemwachia mkosaji njia, na njia hiyo itapita mlangoni kwa mtu mwingine. Simu namba 116 ya kuwasaidia watoto haina malipo, na dawati la Polisi halimtaki mlalamikaji awe na wakili.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaonekana, na tarehe yake inajulikana. Mwaka 2028 hauko mbali. Wenye mamlaka wana muda wa kutunga sheria, wa kuunganisha makabati ya Wizara moja, na wa kuajiri watu wa kulifungua daftari kila asubuhi. Wakifanya hivyo, basi litakaposhusha abiria wake Tunduma usiku wa manane, atakuwapo angalau ofisa mmoja katika mji huo ajuaye ni nani ameshuka. Wasipofanya hivyo, atakayekuwa wa kwanza kujua ni mtoto.